Mizimu Niliyoianzisha Mimi

Mwanangu, ipo siku moja ya kiangazi ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa, na mume wangu asinisikie. Nilikuwa na miaka kumi na saba, kijijini kwetu upande wa Nkoma, nimetumwa kuni karibu na ile hospitali ya zamani. Ndiyo ileile uliyonionyesha juzi kwenye simu, vijana wa bodaboda wakijirekodi mlangoni na kuapa kwamba ina mizimu. Kaa hapa nikuambie. Mizimu hiyo niliianzisha mimi.

Hospitali ilijengwa na wamisionari, ikafungwa walipoondoka, wagonjwa wakawa wanapelekwa Bariadi. Majengo yalibaki, na tangi la maji ya mvua likabaki. Jirani yake walikaa Mzee Masanja na mkewe, Mayu Kabula, yaani Mama Kabula kwa Kisukuma chetu. Mzee alifanya kazi Dodoma ujanani, akarudi na vipande vya mzabibu. Pamba ya wengine ikishavunwa na ardhi ikapasuka, shamba lao lilikuwa kijani, kwa sababu walichota maji kwenye tangi lile. Lakini nani aliuliza? Watu walipita wakitikisa kichwa.

Siku hiyo nilisikia mtu anaugulia maumivu ndani ya wodi, mchana kweupe. Nilitupa kuni nikakimbia mpaka kisimani. Ningeishia kusema nimesikia sauti, ningekuwa mwoga tu. Lakini wanawake waliweka ndoo chini wakanizunguka, wakanisikiliza mimi, mtoto, na utamu ule ukanilevya. Nikaongeza kwamba nimeona misukule, wale waliofia hospitalini, wakipalilia mizabibu ya Mayu Kabula. Ulimi hauna mfupa, mwanangu.

Siku ya tatu sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaitisha mkutano wa kesho yake. Mayu Kabula, ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni tu, alikuwa afukuzwe kijijini kwa uchawi, na wengine walinong'ona habari za mapanga. "Lisemwalo lipo," walisema.

Baba aliniona nimeusogeza ugali pembeni. Akauliza, "Uliona, au ulisikia?" Akanishika mkono, akanipeleka hadi kwa Mayu Kabula.

Tulimkuta wodini. Mzee Masanja alikuwa amelala kwenye mkeka juu ya sakafu ya saruji, upande mmoja wa mwili umepooza, anaugulia. Kila mchana mkewe alimpeleka pale kwa toroli, kwa kuwa palikuwa na ubaridi kuliko nyumba yao yenye paa fupi la bati.

Nilipiga magoti nikasema yote, nikangoja laana. Yeye aliendelea kumlisha mumewe zabibu mojamoja, amezimenya maganda.

"Chumba hiki nilikuwa nakisafisha enzi za wamisionari," alisema mwishowe. "Mama yako alijifungulia hapa, mimi ndiye niliyeshika taa. Ulichelewa kulia, tukaogopa. Ulipolia, hata walioko nje walisikia. Kesho nenda ukaseme hivyohivyo kwa sauti, ng'wanawane, mwanangu, wakusikie."

Kesho yake nikasema, mbele ya wanaume na fimbo zao. Wakanizomea. Wengi walitaka nitengwe, nisipewe moto wala maji kwa jirani yeyote. Aliyesimama kunitetea ni Mayu Kabula mwenyewe. Aliomba adhabu yangu iwe kwenda kwake kila asubuhi, kupogoa mizabibu na kumsaidia kumgeuza mzee. Nilikwenda miaka miwili, mpaka Mzee Masanja alipofariki. Kwake nilijifunza kumwogesha mgonjwa bila kumwaibisha, na ni kwa kazi hiyo nimewalea ninyi nyote. Wabeja, asante, Mayu Kabula, wabeja sana. Niache kwanza nifute macho.

Basi shika hili, mwanangu. Ukiona jambo usilolielewa, sogea uulize kabla hujalisimulia. Ukisikia, sema umesikia, usiseme umeona. Na ukimsingizia mtu, usiende kutubu chumbani peke yako ukadhani umemaliza. Rudi palepale uliposema, mbele ya walewale waliokuamini, uyakane maneno yako. Utaona aibu, lakini aibu haiui, uongo ndio unaoua.

Mungu akupe umri na ulimi mpole. Na siku utakapomkosea mtu, kwa maana utamkosea tu, Mungu akujalie umkute angali hai na mlango wake wazi. Mimi nilimkuta.