Mwili wa Nthoki, Kichwa cha Mzungu

Nthoki alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda kimoja Industrial Area, na mwili wake ulikuwa mwili kwelikweli. Akitoka kanisani Makadara, njia ilimpisha. Kwa hiyo mwaka wa 1996, Mama Tiffany alipofungua Donholm duka la nguo za wanawake wanene, lenye kibao KILA MWILI NI MZURI, na kuagiza sanamu nene ya kuvalisha magauni dirishani, Ndete mchongaji hakwenda mbali. "Mfano ninao nyumbani," alisema. Nthoki alikuwa mkewe.

Alipimwa kwa kamba kwenye karakana, kiuno, makalio, mikono, huku wachongaji wengine wakijifanya wanatafuta patasi zao. Nthoki alifurahi mpaka akaona haya. Maisha yake yote hakuwahi kuona dirishani mwa duka lolote mtu anayefanana naye. Jumapili akawatangazia akina mama wa kanisa: nendeni Donholm mkanione.

Wakaenda, wakarudi na sura za matanga.

"Mama Wavinya," mmoja akamwambia Nthoki, "ni wewe mpaka shingoni."

Kuanzia shingoni kwenda juu alikuwa mzungu. Ndete, kama wafanyavyo wachongaji wa vinyago vya kusafirishwa, alikuwa amekichonga kichwa peke yake, kisha akakichomeka kwa kijiti. Mama Tiffany akakichomoa, akaweka cha plastiki kutoka kwenye sanamu kuukuu: nywele za manjano, macho ya buluu, midomo ya waridi. Juu ya mabega yale kilikaa kama chungwa juu ya gunia la makaa. Na ili mikono isikiaibishe kichwa, akaivalisha soksi nyeupe za shule za Tiffany.

Nthoki akaingia dukani, akaomba kujaribu gauni la dirishani.

Mama Tiffany, ambaye hakumjua, alimpima kwa macho. "Hilo halitakukaa, dadangu. Hapa tunapenda miili yote, lakini hilo linataka mtu mweupe kidogo. Si kwa ubaya. Chukua hili la kahawia."

Nthoki hakubishana. Alilichukua lile lile, akaingia nyuma ya pazia, akatoka. Lilimkaa mpaka kifungo cha mwisho.

"Ajabu!" Mama Tiffany akapiga makofi. "Kama limeshonewa wewe!"

"Kwani limeshonewa nani? Kichwa changu kiko wapi?"

Mama Tiffany alitazama dirishani, akamtazama Nthoki, akaishiwa na makofi. Kichwa cha mti kilikuwa sakafuni, kimezuia mlango wa nyuma usibamizwe na upepo.

"Hakikuvutia wateja, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Kilifanana na watu wa hapa."

Nthoki alivua gauni, akakifunga kichwa kwenye leso, akaondoka amekipakata kifuani. Karibu na nyumbani akakutana na jirani.

"Mambo, Mama Wavinya! Kumbe umejifungua? Ni msichana?"

"Ni mimi," Nthoki akajibu, akapita.

Alikiweka mezani na kukifungua. Kichwa hicho kilichongwa yeye akiwa kazini, kwa hiyo hakuwahi kukitazama vizuri. Macho yalikuwa yake. Mashavu yalikuwa yake, hata kovu la utotoni lilikuwepo. Lakini pua ilikuwa nyembamba, imenyooka kama rula.

"Baba Wavinya, hii ni pua ya nani?"

Ndete akajikuna kisogo. "Mkono umezoea. Vinyago vya pua pana hurudishwa, wanunuzi wa ng'ambo hawavitaki."

"Na hii yangu unalala kando yake tangu tuoane. Mkono haujaizoea?"

Mambo ya Mama Tiffany yalikuwa yamemkasirisha. Haya yalimuuma. Ndete alichukua patasi, akakigeuza kichwa huku na huku, lakini mti ukishakatwa hauongezeki.

Nthoki akavuta kiti, akaketi mbele yake.

"Chonga kingine," akasema. "Na leo unitazame."