Choo cha Kupigwa Picha

"Sista Nasike, hiyo choo yenu ya Soweto West ni ya kujisaidia ama ni ya kupigwa picha?"

Phanice, jirani yake wa mtaa wa Gatina anayeuza omena, dagaa wadogo, huko Kibera, alimuuliza hivyo Jumapili wakitoka kanisani. Nasike akacheka.

"Ni ya kujisaidia, dada. Familia hamsini zinaitumia."

"Aki wewe! Kuja kesho uone kufuli."

Nasike alizaliwa Mashimoni, humo humo Kibera, binti wa Wakoli, fundi wa majiko ya mabati. Baba yake hakuuza jiko la aina mpya kabla hajakaa na mama fulani akipika mpaka uji uive, aone anaungua wapi. Nasike aliipeleka desturi hiyo hiyo chuo kikuu. Kwa miaka kumi na tisa alifundisha ubunifu wa vifaa, na mwanafunzi wake hakupata alama mpaka akae siku nzima na mtu anayetumia kile alichokibuni.

Kisha wakampandisha, akawa mkuu wa utafiti. Kazi ikawa mikutano na sahihi. Ripoti ya choo hicho, kilichojengwa na chuo kikuu chake pale Soweto West, Kibera, aliitia sahihi akiwa ofisini, na kwa ripoti hiyo kamati ingempa uprofesa kesho yake, Jumatatu mchana.

Jumatatu asubuhi akaenda chooni na Phanice. Kufuli lilikuwepo kweli, kubwa, jipya. Ukutani palikuwa na picha yake akikata utepe. Nyuma ya ukuta huo mifuko ya nailoni iliyojaa mavi ilikuwa imerundikana, mingine imepasuka, nzi wakivuma, na maji yake yakipita mlangoni pa mama anayeosha mtoto. Nasike akaziba pua, kisha akautoa mkono kwa aibu.

Akampigia simu Dedan, mhadhiri aliyesimamia mradi.

"Mbona mmefunga?"

"Madam, wafadhili wanakuja mwezi ujao. Watu wakiingia watachafua."

"Ni choo, Dedan!"

Akaigeukia ile picha yake ukutani.

"Na hizo familia hamsini?"

"Hayo yalikuwa makadirio tu, madam. Na wewe mwenyewe ulisaini."

Nasike akakata simu, akainama akishika ukuta. Ile mifuko ilikuwa na afadhali, kwa maana walioitupa hawakumdanganya mtu. Uchafu uliomchukiza zaidi ulikuwa na sahihi yake chini.

"Usitapike hapa, profesa," Phanice akamwambia. "Hatuna pa kuoshea."

Hakurudi Gatina kubadilisha viatu vilivyokanyaga maji ya mifuko ile. Aliingia navyo hivyo hivyo kwenye chumba cha kamati, akapita juu ya zulia. Mmoja akasogeza kiti, mwingine akatoa kitambaa akajifunika pua. Walikuwa wanameza mate kwa kinyaa, na bado wanatabasamu. Mwenyekiti akaharakisha, akamwambia aseme neno la shukrani, chai ilikuwa inapoa.

Nasike akasimama.

"Naomba kufuli la choo cha Soweto West litolewe leo, ripoti niliyoisaini nikiwa ofisini irudishwe, na uprofesa msinipe."