Nchi Zinazoomba Moto

Mjukuu wangu alikuja likizo hapa Ntobeye na kompyuta yake ya chuo, na humo ndani alikuwa na nchi kumi. Si nchi za kweli, alizibuni mwenyewe. Kila moja ina askari, mashamba, na akili kidogo aliyoipa ili ijiamulie mambo. Mimi niliishia darasa la tatu, nilikuwa nalala sana, ila hayo si ya leo. Nilizielewa upesi: zilikuwa jeuri. Akibonyeza zianze, miaka inakimbia, mwisho inabaki nchi moja tu. Mwalimu wake alishamrudishia kazi mara moja kwa sababu hiyo. Jumatatu ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho.

“Bibi, chakula kinazitosha zote,” alilalamika, mimi napepeta maharage. “Lakini nchi ikiona jirani kaongeza askari, inamuwahi.”

“Na jirani akinoa panga, itajuaje kama ni la migomba?”

“Haijui.”

“Kwani haiendi kuomba moto?”

Alicheka hadi nikakasirika. Basi nikamweleza. Zamani ukikosana na jirani, unaokota kigae unakwenda kwake kuomba kaa la moto. Akiwa analichagua jikoni, macho yako yanatembea: wageni gani wapo, panga liko wapi, umepewa kigoda au umeachwa umesimama. Naye anaona mkononi una kigae tu, si panga.

Nikamwambia na aibu yangu. Niligombana na mama mmoja, jirani yangu, juu ya mpaka wa migomba, wiki tatu hatusalimiani. Nikaenda kuomba moto, kumbe kiberiti nimekifunga kwenye pindo la kanga. Nilipoinama kikalia, chaka-chaka. Akanitazama.

“Mama, huo moto unaoutaka ni wa namna gani?”

Tulicheka mpaka maharage yake yakaungua. Mpaka wenyewe hatujaupima hadi leo.

Mjukuu akarudi kwenye kompyuta yake. Siku mbili alichapa tu, hata muhogo hakumenya. Akaziwekea nchi zake desturi: kabla ya kushambulia, omba kitu kidogo hata kama unacho, kisha kumbuka ulivyojibiwa. Jumapili, baada ya kanisa, akabonyeza. Miaka ikapita. Nchi mbili zilimalizana kule pembeni, zile nisizozipenda tangu mwanzo. Nane zikabaki zinaombana tu, mjukuu anapiga vigelegele peke yake.

Jumatano mwalimu akapiga simu. Kazi imepita, ila jambo moja limemshinda: kwa nini nchi iombe kitu ambacho inacho tayari? Mjukuu akanipa simu nimjibu mimi.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe huko una jirani?”