Mama Sadick wa Soga na sidii za akiba

Saa tatu asubuhi, na Mwanahalima Salehe ameshanawa mikono mara mbili. Anaikausha kwa upindo wa khanga, anafungua dirisha la chumba cha mbele, anatoa sidii moja kwenye karatasi yake na kuiinua kuelekea jua.

Hajitazami humo. Anatafuta nyota.

"Ukiona vinukta vya mwanga vinapenya, ujue imeliwa," anasema, jicho moja kalifumba. "Unyevu wa huku hauna huruma. Yenye nyota tatu nne bado inasema. Ikijaa nyota kama mbingu ya kiangazi, hiyo naiombea tu."

Hii ina nyota saba. Anazihesabu tena, zimebaki saba. Rangi za upinde wa mvua zinateleza ukutani, zinapanda juu ya kalenda ya msikiti, zinapotelea darini. Ng'ambo ya mikorosho treni ya umeme inapita kuelekea kituoni, nyuso za abiria zinafuatana madirishani, moja baada ya nyingine, bila sauti.

"Mama Sadick!" anaita Juliana, fundi cherehani anayegawana naye baraza. "Leo tena unafufua wafu?"

"Anayefufua ni Mungu, Juliana. Mimi nafuta vumbi."

"Basi ukinikuta humo nilivyokuwa mwembamba, unichomee nakala nikamwonyeshe mzee wangu."

"Wewe mwembamba? Sidii hiyo haijatengenezwa."

Kicheko cha Juliana kinakwenda sambamba na cherehani yake, na Mwanahalima anatabasamu bila kuondoa jicho kwenye mwanga.

Ana miaka hamsini na nne na elimu yake ni ya darasa la saba. Kazi yake ni kuzihamisha harusi, maulidi na khitma za watu kutoka kwenye sidii kuukuu kwenda kwenye sidii mpya au flashi, kabla hazijafutika. Watu wa Soga huziita zote sidii, hata zile DVD, na yeye haoni sababu ya kuwasahihisha.

Kazi ameirithi. Marehemu mumewe, Kitwana, alipiga video kuanzia mwaka 2004 hadi Mungu alipomchukua mwaka 2015. Alikwenda popote alikoitwa, Kibaha yote ya vijijini na kuvuka hadi Kisarawe, Kibuta na Marui, kamera begani na betri ya akiba mfukoni.

Kila shughuli aliichoma kwa namna mbili. Kwanza sidii ya kugawa, iliyokatwa na kupambwa, yenye maua yanayozunguka na majina ya maharusi kwa rangi ya dhahabu. Kisha kazi nzima kabla haijaguswa na mkasi: kila kilichoingia kwenye kamera, pamoja na miguu ya watu, na mbingu pale mpigaji alipojisahau. Hizo alizichoma kwa mwendo wa pole kabisa, akiamini kilichochomwa haraka hufutika haraka. Juu yake aliandika kwa wino mwekundu neno moja, AKIBA.

"Nilikuwa namgombeza," anasema mjane huyo. "Namwambia, Baba Sadick, watu wamekula wameondoka, wengine hata wameshaachana, wewe miguu ya watu unaiwekea nini? Ananijibu, 'Mke wangu, harusi haiwi ya watu wawili.'"

Ni Kitwana huyohuyo aliyemfundisha kuchoma sidii, na sababu ilikuwa ya heshima. Shughuli za ndani, mwali anapotolewa na makungwi wanapocheza, haziingii mwanamume. Mwanahalima akapewa kamera ndogo akawa anazipiga yeye. Lakini sidii nazo lazima zichomwe, na mwenye kuchoma lazima aone. Kitwana hakutaka kuona.

"Alinionyesha mara moja tu, kwa sidii tupu, kisha akatoka akafunga mlango," anakumbuka. Mpaka leo sidii hizo zinakaa peke yake, ndani ya mfuko mweupe ulioshonwa na Juliana, na hazifunguliwi mbele ya mwanamume, hata akiwa ndiye mwenye mke.

Kitwana alipofariki, mkewe akakaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya chumba hiki chenye makasha yake. Hapo ndipo alipoanza kuzihesabu. Sidii zilikuwa 612, za kugawa na za akiba. Mpaka wiki hii ameshazihamisha 371, karibu zote za kugawa, maana ndizo watu wanazoulizia. Nakala moja ni shilingi elfu tano, na mwezi mzuri humpa kama elfu themanini. Mwezi mbaya, anasema, humpa elfu ishirini na dua.

Kwa kuzitazama miaka yote hii, macho yake yamepata tabia. Akienda gulioni Mlandizi anawaona watu mara mbili. Yule muuza nyanya aliyekunja uso kwa jua ana mwenzake nyuma yake, bibi harusi wa miaka kumi na minane, hina mpaka kwenye viwiko, anayechekea ndani ya shungi lake. Mzee anayepita akiburuta mguu, Mwanahalima amemwona jana tu akiruka twisti uwanjani Kibuta.

"Nawasalimia wote wawili," anasema taratibu. "Mmoja ndiye anayeitikia."

Lakini sidii ya leo, yenye nyota saba, si ya bibi harusi. Ni ya mpishi.

Saa tano kasoro pikipiki inasimama nje. Anashuka msichana wa miaka ishirini na mmoja, vumbi la njia ya Mzenga limemkaa kwenye nyusi. Ni Hajra Twalibu wa Marui, na hii ni safari yake ya tatu hapa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Keti kwanza unywe maji. Uso wote umekuwa mkate wa kumimina."

Baba yake, Twalibu, alikuwa mpishi wa pilau wa shughuli, anajulikana Marui hadi Kibuta. Alifariki Hajra akiwa na mwaka mmoja na nusu. Picha yake pekee, ile ndogo ya kitambulisho, ililowa mvua paa lilipovuja, ikabaki karatasi nyeupe. Mpishi gani hupigwa picha? Watu hupiga sahani.

"Tangu utoto naambiwa nimefanana na baba," anasema Hajra. "Nikisimama mbele ya kioo namtafuta. Namwona Hajra tu."

Kwenye sidii za kugawa Twalibu hayumo hata mara moja, maana jiko lilikatwa. Kwenye akiba, kwa majina ya daftari la Kitwana, bibi yake Hajra alikumbuka harusi tano ambazo Twalibu alipika. Mbili zimeliwa kabisa. Ya tatu ilitoa mgongo wake tu. Ya nne ilitoa moshi, na ndani ya moshi mwiko. Imebaki hii, harusi ya Firdausi wa Kibuta ya mwaka 2005. Baada ya hapo hakuna nyingine.

Mwanahalima anaifuta kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe hazungushi. Ana kanuni yake: kunakili kwanza, kutazama baadaye, kwa kuwa sidii kongwe huenda ikakubali mara moja tu. Anaiingiza. Mashine inaguna kama mzee anayeinuka mkekani, kisha inaanza kuzunguka.

Mstari wa kijani unasogea kidogo kwenye kioo cha kompyuta. Unasimama.

Wanangoja. Mashine inaguna, inanyamaza, inaguna tena. Kompyuta inatoa swali lake: ijaribu tena, au iliruke faili hili?

"Liruke, mama," anasema Hajra haraka. "Tusije tukakosa yote."

"Hili ni la kwanza, mwanangu. Baba Sadick akifika kwenye shughuli alfajiri, kamera alikuwa anaipimia jikoni, penye moto. Nikiruka hili, nimeruka jiko."

Mwanahalima ameshika kipanya, kidole kiko juu ya kitufe, na hapo adhana ya adhuhuri inaanza.

Anaondoa mkono.

"Mama, na hii?"

"Itatungoja."

"Ikizima je?"

"Ikizima, imezima. Tungekaa hapa tungeizuia? Njoo utawadhe."

Wanaswali chumba cha pili, bega kwa bega. Kiooni swali linabaki peke yake likiwakawaka. Nje cherehani imenyamaza. Juliana husimama kila adhana, si dini yake, anasema ni mapumziko ya mguu. Dua ya Hajra ni ndefu. Ya Mwanahalima ni ndefu zaidi.

Wanaporudi, Mwanahalima anaiwekea mashine kiganja kama anayempima mtoto homa. Iliyokuwa ya moto imepoa.

"Kumbe na yenyewe ilikuwa inataka kupumzika," anasema. Anabonyeza: jaribu tena. "Bismillahi."

Kuguna mara moja. Kisha kimya, na ndani ya kimya mzunguko mwepesi, kama upepo kwenye minazi. Mstari wa kijani unasogea. Unafika nusu, Hajra ameushika ukingo wa meza. Unafika mwisho.

Picha inafunguka kwenye giza la alfajiri ya miaka ishirini iliyopita. Mafiga matatu, ndimi za moto, moshi unajikunja na kujikunjua. Nyuma ya moshi kuna mtu mrefu aliyevaa fulana, kitambaa shingoni, anakoroga sufuria lenye upana wa mkeka. Anageuka.

Kipaji cha uso ni cha Hajra. Hata namna ya kukunja pua kwa moshi ni ya Hajra, ambaye muda huohuo, bila kujua, ameikunja.

"Kitwana," anasema mtu yule ndani ya kompyuta, "moshi hauna sura, unapiga nini?"

Na karibu kabisa, nyuma ya kamera, sauti nyingine inakohoa kidogo, inajibu, "Napima mashine."

"Basi nipime na mimi, ukawaambie wenye harusi mpishi wao mrefu!"

Wanacheka wote wawili, marehemu na marehemu. Kwenye sidii za kugawa Kitwana alikuwa anaifuta sauti yake, na kwenye akiba chache zilizokwisha kufunguliwa hakusema neno. Ilikuwa haijaingia chumba hiki kwa miaka kumi.

"Allah awarehemu," anasema Mwanahalima. "Koo la Baba Sadick lilikuwa na kikohozi kile. Nilikuwa nimekisahau."

Hajra anainamia kioo. "Mama, tazama. Anakorogea mkono wa kushoto." Anaanza kucheka, machozi yanamtoka. "Chuoni kwa maalimu nimechapwa kwa ajili ya mkono huu! Bibi ananiuliza kila siku, umeutoa wapi mkono huu, wewe mtoto?"

"Kukoroga hakuna neno. Hebu ngoja." Mwanahalima anarudisha picha nyuma kidogo. Twalibu anachota mchuzi kwa mwiko, anaudondoshea kiganjani, anaonja chumvi. "Umeona? Kuonja ameonja kwa kulia. Kamwambie bibi yako."

Kipande chote ni dakika nne na sekunde kumi na moja. Wanakitazama mara sita. Mara ya saba Juliana anaitwa, anasimama mlangoni na futi yake ya kitambaa shingoni, anamtazama mpishi, kisha anamtazama Hajra.

Hajra anataka flashi, na anataka sidii pia, maana bibi yake haamini kitu kisichoshikika. Mwanahalima anaichoma kwa mwendo wa pole, kama alivyofundishwa. Ikitoka ina joto la mkate. Anamkabidhi kalamu nyekundu.

"Desturi huandikwa jina la bibi harusi," anamwambia.

Hajra anafikiri kidogo, kisha kwa mkono wake wa kushoto anaandika: TWALIBU, MPISHI.

Pikipiki inapopotea njia ya Mzenga, Mwanahalima anabaki barazani na daftari la mumewe mapajani. Kurasa zote zina majina ya maharusi. Anaongea kwa sauti ya chini, macho kwenye mikorosho, kama anayesimulia alichokwisha kukiona.

Kiangazi kijacho, Mungu akimpa uzima, anataka kununua mashine nyingine ya kusomea, hata kuukuu, na kuzimaliza 240 zilizobaki. Kisha ataibeba kompyuta hadi Kibuta na Marui, atundike shuka jeupe, afungue sehemu zile zilizokatwa. Wachota maji, wakuna nazi, watandika mikeka, na waliokesha na masufuria wakaondoka kabla ya kualikwa mezani. Watu watakaa, watamwambia yule ni nani na huyu mtoto wa nani, na yeye atawaandika.

Anafungua ukurasa mpya, anaulainisha kwa kiganja.

"Walioolewa nawajua wote," anasema. "Sasa nawatafuta waliowapikia."