Nilimtoa Mwari Wangu Ili Nisitetemeke Mbele ya Simu

Jamani, nimekosa! Wa kulaumiwa kwanza ni mie mwenyewe. Halafu Rukia, mtoto wa ndugu yangu. Halafu Zena. Nawataja, wakitaka wanune!

Mie ni somo hapa Jomvu Kuu, nafunda mabibi harusi, na nauza udi ninaoutengeneza mwenyewe. Rukia akaniambia siku hizi udi wauzwa kwa video. Akanielekezea simu. Yarabi! Midomo ikanikauka, mkono wenye chetezo cha kufukizia udi ukatetemeka hata makaa yakaanguka mkekani.

Rukia akacheka. "Shangazi, mbona ukisengenya hutetemeki? Hebu sahau udi. Nipe umbea."

"We mtoto una laana," nikamwambia.

Lakini nikasema. Nikatoa kisa cha mwari wangu mmoja, msichana niliyetoka kumfunda, aliyeninong'oneza akilia kuwa bado akojoa kitandani, nimtafutie dawa kabla ya harusi. Jina sikulitaja. Nikamwigiza anavyolia. Nikamwigiza na bwana harusi anavyoamka kalowa. Wallahi sikutetemeka hata chembe! Rukia alicheka mpaka akashika ukuta. Mwisho nikauinua udi: "Na huu waondoa kila harufu!"

Video ikaenda. Watu wakaagiza udi. Nikajiona mie ndiye mie.

Sasa, harusi niliyokuwa nimefunda siku zile ni moja tu, na mtaa mzima wajua. Rukia alilijua hilo kabla hajaituma! Leo nikimuuliza aniambia, "Si mdomo ni wako, shangazi?"

Zena ndiye mama mkwe wa yule binti, aliyekuwa keshaolewa na akaa kwake. Kila asubuhi alianika karatasi ya nailoni ya kutandika chini ya shuka kwenye kamba ya nguo, upande wa njiani, watu wapite wacheke. Yule mwanamume naye hakumtetea mkewe. Binti akarudi kwao, talaka ikamfuata.

Yeye simtaji. Nimeshamtaja vya kutosha.

Nikaenda kwao binti kuomba radhi. Mamake ni shoga yangu tangu utotoni. Hakunitukana. Alinipa kiti, kisha akanielekezea simu yake usoni.

"Sema tena."

"Shoga yangu, nisamehe..."

"La. Igiza. Vile alivyokuwa akilia. Mwanangu yuko nyuma ya pazia hapo, ataka kuona."

Meno yaligongana, sauti haikutoka. Pazia likatikisika kidogo, likatulia.

Sasa hakuna aniletaye mwari. Nikikaa mkekani harusini, wasichana wananyamaza, na mama zao wawavuta karibu. Udi wangu uko kabatini waota ukungu.

Nyie mnaofundishwa kuondoa haya mbele ya kamera, nisikieni mie mjinga! Kama ulimi wako wafunguka tu ukimsema mwenzio, basi tetemeka! Tetemeka, angusha makaa, chekwa wewe. Mie nilikataa kuchekwa mara moja tu, na yule binti hadi leo hajatoka nyuma ya lile pazia.