Homa ya Swichi

Watu wengi huzoea mashine kama wanavyomzoea jirani. Wakiuru hakuzoea. Yeye ndiye mtunza kompyuta wa hospitali moja ya binafsi mjini Nyeri, na kila akiingia kile chumba kidogo ambamo swichi mbili, visanduku vya kuunganisha kompyuta, hupitisha picha zote za eksirei, kutoka kwenye hifadhi hadi kwa madaktari, hushusha sauti kama aliyeingia kanisani. Mwanga ndani ya kebo nyembamba, unabeba mfupa wa mtu mzima! Nani asishangae?

Mwaka huu alizifundisha swichi hizo kujisemea. Alikaa nazo asubuhi nzima akiziwekea mipaka: joto likizidi, feni ikizembea au mwanga ukififia kwenye kebo, ziandike barua pepe zenyewe bila kungoja mtu. Barua ya kwanza ya majaribio ilipoingia kwenye simu yake, alipiga makofi peke yake. Lakini mipaka alikuwa ameibana mno. Swichi zikawa zinalalamikia kila kitu, mpaka mkubwa wake, Ken, akachoka.

"Wakiuru, hii kitu inaandika barua kushinda mtu amependa," alisema. "Iambie inyamaze kidogo."

Akailegeza mipaka, nazo zikanyamaza. Ndipo akaanza kuogopa kwamba zingenyamaza hata siku ya kufa.

Jumamosi moja ya Julai, ukungu ukiwa umeukalia mji, alikuwa kijijini Giakanja kwenye ruracio, sherehe ya mahari, ya binamu yake. Wazee walikuwa ndio kwanza wanaanza maneno yao ya kuzunguka mahari, simu ikatetemeka. Joto, swichi ya kwanza. Hajamaliza kusoma, ya pili nayo ikaandika. Joto, katika baridi hii ya kugonganisha meno? Akakimbilia nyuma ya jikoni, akampigia Moffat, mlinzi wa hospitali, ambaye wote humwita Baba Munene.

"Baba Munene, kuna moto kwa chumba ya mashine?"

"Moto gani? Huku ni baridi tu. Hata hizo mashine nilizionea huruma, ati zinapigwa na upepo ya dirisha. Nikafunga dirisha, nikazifunika na blanketi yangu, ile mzito."

Chumba kile hakikuwa na mtambo wa kukipoza. Kilitegemea baridi ya mlima. Swichi ziliwekwa mbili ili moja ikizimika nyingine ishike, na sasa blanketi lilikuwa limezimeza zote.

"Toa hiyo blanketi! Kimbia, fungua na dirisha! Kuna mtu thieta?"

"Daktari Murugi ako na yule kijana wa boda boda, anaungwa nyonga. Ngai!"

Daktari Murugi hufanya kazi macho yakienda na kurudi kwenye picha. Swichi zikizimika, kioo kitakuwa cheusi na kijana amekwisha kupasuliwa. Wakiuru alisimama kati ya sufuria, simu sikioni, akimsikia mzee wa watu akipanda ngazi mbio. Akaomba kwa Kigikuyu, kwa sauti, wapishi wakimkodolea macho. Kisha dirisha likagonga ukuta, na feni zikasikika zikivuma kwa nguvu zao zote.

Simu ikatetemeka tena: joto linashuka.

"Wakiuru," Baba Munene akasema akihema, "ni hizi vitu zilikuambia? Zenyewe?"

"Zenyewe."

"Kumbe zilikuwa zinalia, na mimi nazifunika." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ziambie ziniandikie na mimi."

Wakiuru alikuwa amejiandaa kumgombeza. Akamwahidi tu.

Mbuzi alikuwa ameshakatwa, wageni wanakula, Baba Munene alipopiga tena. Kijana alikuwa salama. Daktari ametoka, ameketi, ameuliza kama kuna chai.

"Hajauliza kitu ingine?"

"Hapana. Hajui kitu."

Wakiuru akaikumbatia simu kifuani, na machozi yakamtoka mbele ya wakwe.