Taa Upande wa Kushoto

Usiku ule nililala nimeridhika na nafsi yangu, jambo ambalo sasa linanitia aibu. Mwalimu wa binti yangu Zuhura alikuwa ameniandikia kwamba mtoto anainamia daftari mpaka pua inagusa karatasi, nimpeleke akapimwe macho. Mimi, mjuaji, nikacheka. Badala yake nikanunua taa ya mezani, ile yenye shingo ya kupinda; muuzaji akaisifia na mimi nikameza kila neno. Nikaiweka kushoto mwa meza ya Zuhura, nikaenda kulala.

Nikamwota Shangazi Mwanaidi, aliyenilea. Marehemu alikuwa fundi cherehani. Alikuwa ameketi chumbani kwake, dirisha liko kushoto kwake kama zamani, mchana mweupe unaangukia kitambaa. Hakunisalimu. Alinitazama juu ya miwani kama anayetazama mshono uliokwenda upande, akasonya. Ulikuwa ule msonyo wake mrefu, hata kaburi halikuupunguza.

Nikaanza kujisifu, maana hata ndotoni sina haya. Naeleza bei ya taa, naeleza na shingo yake. Kitambaa kinateleza chini ya sindano, na sasa si kitambaa tena, ni daftari, na aliyeketi pale si Shangazi, ni Zuhura wangu. Anaandika. Kivuli cha mkono wake kinafunika mistari yote, naye anainama, anazidi kuinama, mpaka siuoni uso wake. Namwita, haitiki. Hapo niliogopa kweli.

"Taa ya bei mbaya," Shangazi anasema nyuma yangu, "na mtoto anasoma gizani."

"Lakini nimeiweka kushoto, Shangazi, kama wewe ulivyokuwa ukikaa."

"Mimi mkasi naushika kwa kulia. Nilikaa hivyo ili mkono usinizibie mwanga. Wewe umeiga dirisha tu. Mkono wa mwanao umeutazama lini?"

Niliyemjua ni Zuhura wa wakati wa chakula, anayekula kwa mkono wa kulia kwa sababu mimi mwenyewe nilimkaripia tangu mdogo asile kwa kushoto. Zuhura wa daftari sikumjua. Shangazi akanipa kisogo, kwa dharau ya mtu aliyepoteza miaka yake kunilea.

Nikaamka, kumeshapambazuka. Nilikwenda moja kwa moja kwenye meza ya Zuhura, nikaishika ile taa, nikabaki nimesimama nayo. Mke wangu akanikuta hapo.

"Mama Zuhura," nikamuuliza, "huyu mtoto anaandikia mkono gani?"

Aliichukua taa mikononi mwangu.

"Kushoto," akasema. "Baba Zuhura, mtoto yuko darasa la nne."